Mama wa Capheus alihitaji mfamasia, waandishi wakamletea bondia

ABIRIA anayepanda matatu kila asubuhi kutoka Mutuini kwenda katikati ya jiji la Nairobi hahitaji shahada ya fasihi ili atambue pale dereva wa kwenye runinga anapoendesha gari na pale anapoigiza tu. Safari hiyo ameizoea: utingo anayening'inia mlangoni, muziki unaotikisa vioo, polisi anayesimamisha gari bila kuuliza lolote na gari likaondoka bila kujibu lolote. Hadithi ya matatu ikisimuliwa mbele yake, yeye ndiye mtahini.

Mutuini ni wadi katika eneobunge la Dagoretti Kusini, ukingoni mwa Nairobi upande wa magharibi, ambako jiji hukutana na kaunti ya Kiambu. Ina hospitali ya umma inayobeba jina la mtaa wenyewe. Vitu hivyo viwili, matatu na hospitali, vinatosha kuwa mizani ya kupimia mswada wa mojawapo ya tamthilia za kiajabu zilizoitumia Nairobi kama uwanja wake, yaani Sense8, iliyoanza kuonyeshwa na kampuni ya Netflix mnamo Juni 5, 2015.

Waandishi wake ni Lana na Lilly Wachowski, waliovuma kwa filamu ya The Matrix ya 1999, wakishirikiana na J. Michael Straczynski. Msimu wa kwanza una sehemu 12. Kisa ni cha watu wanane wasiojuana, walio katika miji minane ya ulimwengu, ambao ghafla wanajikuta wameunganishwa akilini. Mmoja akiumia, mwenzake hushtuka. Mmoja akijua kupigana, kuendesha gari au kuvunja mitambo ya kompyuta, wengine waweza kuazima ujuzi huo wakati wa dhiki. Mwakilishi wa Nairobi ni Capheus Onyango, kijana mchangamfu anayeendesha matatu iliyopakwa jina la Van Damn kwa heshima ya Jean-Claude Van Damme, yule Mbelgiji wa filamu za mateke.

Wahakiki wengine watasema hiyo ni bunilizi ya kisayansi wala si ya kiajabu, kwa sababu waandishi wamejaribu kueleza muungano huo kwa hoja za ubongo na urithi wa kimaumbile. Ubishi huo hauna tija hapa. Mtu wa Seoul akitokea ghafla ndani ya mwili wa dereva wa Nairobi, mtazamaji huliona jambo hilo kama muujiza, na ni haki yake kuuliza maswali yanayoulizwa kuhusu miujiza.

Maswali hayo si mageni katika fasihi ya Kiswahili. Wasimulizi wa visa vya Fumo Liyongo walimpa shujaa wao nguvu zisizo za kawaida, lakini hawakumwacha hivyo hivyo. Walimwekea mpaka: sindano ya shaba kitovuni, na mkono wa mwanawe mwenyewe. Shaaban Robert naye, katika Kusadikika ya 1951, aliiweka nchi nzima ikielea angani, kisha akamsimamisha Karama mbele ya mfalme ashtakiwe kwa kosa la kutaka watu wajifunze sheria. Nchi haipo popote. Kesi ipo kila mahali. Msomaji wa enzi ya ukoloni hakuhitaji kuelezwa Kusadikika iko wapi.

Katika mifano hiyo miwili, jambo la ajabu limeegemezwa juu ya jambo la kawaida lililochunguzwa kwa makini. Kadiri muujiza unavyokuwa mkubwa, ndivyo mwandishi anavyopaswa kuwa mwangalifu zaidi kuhusu bei ya unga, jina la mtu na njia ya kwenda hospitali. Mtazamaji ameombwa akubali kitu kimoja kisichowezekana. Akiombwa akubali na cha pili, kisha cha tatu, atakuwa na haki ya kukataa vyote.

Kwa kipimo hicho, sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana ndiyo inayobeba uzito mkubwa wa kisa cha Nairobi mwanzoni mwa tamthilia. Capheus ana mama mgonjwa wa Ukimwi, naye huhangaika kuchuma ili amnunulie dawa. Genge linalojiita Superpower linavamia matatu yake, linawapora abiria, na katika ngawira hiyo linaondoka na dawa za mama. Capheus hakubali. Anawafuata majambazi hao, ilhali ni mtu asiyejua kupigana isipokuwa kwa kutazama filamu.

Wakati huohuo, jijini Seoul, Sun Bak, binti wa tajiri ambaye mchana hufanya kazi katika kampuni ya baba yake, yumo ulingoni katika pambano la siri. Matukio hayo mawili yanakwenda sambamba hadi yanapogongana. Capheus anapoelekea kuuawa, Sun anaingia. Mikono ni ya dereva, mapigo ni ya bondia. Majambazi wanaanguka mmoja baada ya mwingine, na dawa zinarudi kwa mwenyewe.

Kama kazi ya kupanga matukio, hapo hapana la kulaumu. Waandishi wamemwandaa mtazamaji pole pole: wamemwonyesha ulingo kabla ya kumwonyesha hatari, wamemwonyesha picha ya Van Damme ubavuni mwa gari kabla ya teke la kwanza kurushwa. Kijana aliyekuwa akicheka peke yake mbele ya runinga sasa anapewa kwa dakika chache kile alichokitamani maisha yake yote, naye anashangaa kuliko yeyote. Aidha, mpaka wa muujiza umewekwa wazi. Sun anaweza kumpa ustadi; mwili mwingine hawezi kumpa. Risasi ikipenya, itakuwa imempenya Capheus.

Kuna utambuzi wa kweli pia katika kumchagua Van Damme. Nairobi ya kumbi za video, ambako watu walilipa shilingi chache na kukaa kwenye viti vya mbao, iliwalea mashujaa wa aina hiyo kwa miaka mingi. Na matatu kupewa jina la mwigizaji, mwanasoka au mwanamuziki ni jambo la kila siku. Hata jina la Superpower limewahi kuhusishwa na genge halisi la mtaa wa Eastleigh. Mtu fulani katika kundi la watayarishaji alitembea mitaani akiwa amefungua macho.

Tatizo linaanzia kwenye kile kifurushi cha dawa.

Huko Mutuini, mgonjwa kama mama wa Capheus angejifunga kanga akaenda hospitali. Tangu 2006 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi katika vituo vya afya vya umma. Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, miaka tisa ilikuwa imepita. Mamia ya maelfu ya Wakenya walikuwa wakizichukua dawa hizo bila kutoa senti na bila kumpiga mtu teke. Hata hivyo, mswada unasimama wote juu ya dhana kwamba kijana wa Nairobi hana njia ya kumweka mamake hai ila kununua dawa kwa fedha za matatu, na zikiibwa hana njia ila kupigana.

Msomaji anaweza kuuliza: si ni hadithi tu? Ni hadithi, ndiyo. Lakini swali la kwa nini mhusika hafanyi jambo jepesi ndilo swali la kwanza ambalo mwandishi yeyote wa tamthilia hupaswa kulijibu kabla ya mtazamaji kuliuliza. Mlango ukiwa wazi na mhusika akapitia dirishani, ni lazima tuelezwe mlangoni kuna nini. Hapa hatuelezwi. Mlango umefutwa ukutani kana kwamba haukuwahi kuwapo.

Na mlangoni palikuwa na mengi. Dawa kuwa ya bure hakukumaanisha kuwa rahisi kuipata. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna siku ya kazi inayopotea, kuna foleni. Kuna wale wanaopita zahanati ya jirani na kwenda kuchukua dawa ng'ambo ya jiji ambako hakuna anayewajua, ili jirani asiwaone wameketi kwenye benchi lile. Kuna siku dawa zinapopungua: mapema 2021, shehena ya msaada ilikwama katika bandari ya Mombasa kwa sababu ya mvutano wa ushuru na wa nani aisambaze, na wagonjwa wakapewa vidonge vya muda mfupi kuliko kawaida. Tena mnamo Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki kadhaa nchini zilitikisika na watu wakaanza kuhesabu vidonge vilivyosalia chupani. Mwana ambaye ni dereva wa matatu, na mama anayekataa kuonekana kwenye kliniki ya mtaa wake! Mwandishi angetaka taharuki gani zaidi?

Suala la dawa ghushi, ambalo hadithi ya Capheus inaligusa, nalo lina uhalisi wake, ila halifanani na linavyoonyeshwa. Mnamo Septemba 2011, dawa bandia zilizobandikwa jina la Zidolam-N, mchanganyiko uliokuwa ukitumiwa na wagonjwa wa Ukimwi, ziligunduliwa nchini Kenya miongoni mwa dawa zilizonunuliwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Hazikuletwa na vijana wenye bunduki. Zilipenya katika mkondo halali wa usambazaji, zikafika hadi mikononi mwa wauguzi waliozitoa kwa nia njema. Hatari ya aina hiyo haina sura, na kwa hivyo ni ngumu kuiandikia tamthilia. Genge lenye jina na mabunduki ni jepesi zaidi.

Kisha kuna upande ambao mswada haukuugusa katika sehemu hiyo, nao ndio wenye maana kubwa kwa wagonjwa wenyewe. Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008 ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo dawa halali za bei nafuu, zinazotengenezwa bila jina la kampuni iliyozivumbua, zingeweza kuhesabiwa kuwa ghushi na kukamatwa. Wakenya watatu wanaoishi na virusi walikwenda mahakamani. Mnamo Aprili 20, 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba vifungu husika vilitishia haki zao za uhai, utu na afya. Miaka mitatu kabla ya Capheus kupambana na Superpower kwa ajili ya dawa, wagonjwa wa Nairobi walikuwa wamekwisha kushinda pambano lao, wakiwa na mawakili.

Dawa hizo za bei nafuu hutoka wapi? Nyingi zimetoka India. Mnamo Februari 2001, kampuni ya Cipla yenye makao yake Mumbai ilitangaza mchanganyiko wa dawa tatu kwa bei isiyofika dola moja kwa siku, wakati ambapo tiba ya aina hiyo kutoka kwa makampuni yenye hataza iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Tangazo hilo lilibadilisha hesabu ya nani ataishi na nani atakufa katika bara hili.

Na hapa ndipo mhakiki anapoweka kalamu chini kwa mshangao. Miongoni mwa wale wanane wa Sense8 yumo Kala Dandekar. Kala ni Mhindi. Anaishi Mumbai. Ni mfamasia, naye huajiriwa na kampuni ya dawa.

Waandishi, basi, walikuwa na kila kitu mezani. Walikuwa na mama anayehitaji dawa Nairobi, na mfamasia katika mji ule ule ambao dawa hizo ziliondokea, na muujiza unaowawezesha wawili hao kukaa chumba kimoja. Muungano wa akili waliokuwa wameubuni ulikuwa tayari upo duniani, ukipitia kwenye makontena na maghala. Lakini katika sehemu ya tatu Kala ameachwa na mashaka yake ya ndoa, naye Capheus anapelekewa mpiganaji. Mwishoni mwa msimu huo, ujuzi wa Kala wa kemikali unatumiwa Berlin kutengeneza kilipuzi cha vyombo vya jikoni. Ni kweli kwamba msimu wa pili, ulioonyeshwa 2017, ulikuja kugusa habari ya dawa za kiwandani Mumbai zinazopelekwa Afrika. Fursa, hata hivyo, ilikuwa pale pale mwanzoni.

Kasoro nyingine ni ndogo, japo abiria wa Mutuini hatazikosa. Matatu ya Capheus inashindana na nyingine iitwayo Bat Van, na ushindani huo umechorwa kwa ucheshi mzuri. Lakini gari la Nairobi haliko peke yake kiasi hicho. Lina stegi, lina chama cha ushirika ambacho kila mtu hukiita sako, lina kijana anayelipwa kwa kujaza abiria, lina askari na mgao wake. Genge likivamia gari moja, habari hufika kwa madereva wenzake kabla hata vioo havijafagiliwa. Shujaa anayewafukuza majambazi peke yake ni wa filamu. Dereva wa Dagoretti angekuwa na umati nyuma yake, na huenda mwandishi angepaswa kuhangaika jinsi ya kuuzuia umati huo usiue mtu.

Majina nayo yana mambo yake. Onyango na Shiro, jina la mamake, yanaweza kukaa nyumba moja bila shida, maana Nairobi imejaa ndoa za Waluo na Wakikuyu. Rafiki yake kuitwa Jela kwaweza kupita kama lakabu ya mtaani, na pengine kuna kisa nyuma yake. Lakini mkuu wa wahalifu kuitwa Silas Kabaka, akiwa na binti aitwaye Amondi, ni kumpa jambazi wa Nairobi cheo cha mfalme wa Buganda na mtoto mwenye jina la Kiluo. Hapo inaelekea ramani ilitazamwa kwa haraka.

Kuhusu lugha, waandishi wana utetezi. Katika tamthilia hii kila mhusika husikika kwa Kiingereza, awe Seoul au Mexico City, kwa makubaliano kwamba kila mmoja anaongea lugha yake nasi tunaelewa kama wao wanavyoelewana. Makubaliano hayo yanakubalika. Ila gharama yake imekuwa kubwa kwa Nairobi. Mashabiki wengi wa Van Damme nchini Kenya hawakumjua kwa Kiingereza. Walimjua kwa sauti ya DJ Afro, aliyezisimulia filamu hizo kwa Sheng na Kiswahili hadi shujaa wa Ubelgiji akawa kama kijana wa mtaani. Capheus ambaye hajawahi kumsikia DJ Afro ni nusu ya Capheus.

Ajabu ni kwamba mtu aliyeongoza upigaji picha wa Nairobi, Mjerumani Tom Tykwer, aliyajua hayo kuliko wageni wengi. Ni yeye ambaye, kupitia One Fine Day Films, alisimamia utengenezaji wa Soul Boy ya 2010, filamu ya dakika sitini iliyopigwa Kibera. Iliongozwa na Hawa Essuman na mswada uliandikwa na Billy Kahora, mhariri na mwandishi wa Kenya. Nayo ni hadithi ya kiajabu. Abila, mvulana wa miaka 14, anamkuta baba yake amelegea, akidai roho yake imeibwa. Mwizi ni Nyawawa, jina ambalo Waluo wa kando ya Ziwa Victoria huwaita pepo wapitao usiku, ambao hufukuzwa kwa kugonga masufuria na mabati. Abila anapewa majukumu saba ya kutimiza kabla ya kucha.

Ukiweka miswada hiyo miwili kando kwa kando, tofauti inajitokeza yenyewe. Nyawawa hampi Abila nguvu yoyote. Anampa kazi. Miongoni mwa kazi hizo ni kumsaidia mkosaji pasipo kumhukumu, na kuugundua ulimwengu mpya. Ulimwengu huo mpya umo katika jiji lile lile, upande wa matajiri. Kila jukumu linamlazimu mvulana kubisha mlango fulani wa Nairobi na kuzungumza na mtu fulani, kwa lugha inayozungumzwa huko. Muujiza unampeleka ndani zaidi ya jiji lake. Muujiza wa Capheus, kinyume chake, unamtoa: shida ya Nairobi inatatuliwa na ujuzi wa Seoul, na jiji linabaki mandhari.

Haki itendeke, Kahora alikuwa na saa nzima na mtaa mmoja, ilhali waandishi wa Sense8 walikuwa na miji minane ya kugawia dakika zilezile. Katika mgao wa aina hiyo, teke huonekana haraka kuliko foleni ya hospitali. Pia waigizaji wa Kenya walioshirikishwa hawakuiangusha kazi. Paul Ogola ni Jela anayeaminika tangu anapofungua kinywa, Chichi Seii anampa mama heshima ambayo maneno aliyoandikiwa hayakumpa, na Lwanda Jawar anatisha bila kupaza sauti. Capheus mwenyewe alichezwa na Aml Ameen, Mwingereza, kisha katika msimu wa pili na Toby Onwumere, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Mtazamaji alitakiwa kuendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mswada wa Nairobi ulipata uzima zaidi baada ya sehemu hiyo ya tatu, wakati vumbi la vita lilipotulia. Kabaka, anayechezwa na Peter King Mwania, amesikia habari za dereva aliyewapiga Superpower, naye anamtaka. Malipo atakayompa ni dawa za mama. Kazi ni kusafirisha mzigo asioambiwa ni nini. Mzigo huo ni Amondi, msichana mdogo anayeugua, anayepaswa kufikishwa kwa daktari bila maadui wa babake kujua. Hapo hakuna Seoul wala ulingo. Pana baba mmoja mwenye dawa na mtoto mgonjwa, na kijana mmoja mwenye gari na mama mgonjwa, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwenye kioo cha matatu.